Vigumu Kidogo

Hadi leo nikikumbuka, damu inanichemka. Sanae Kuwabara nimepika naye vyakula vya boksi vya kuuza hapa mjini Sakai tangu tukiwa wasichana, na sijamsikia hata siku moja akitamka "hapana". Kwetu hatusemi hivyo. Mtu akikuomba usiloliweza, unavuta pumzi, unamwambia, "Itakuwa vigumu kidogo." Hata mtoto anajua amekataliwa.

Basi bosi Minagawa akatuletea akili mnemba ya kupokea oda, jina lake Midori, na mwalimu wa kutufunza kufanya nayo kazi kama timu. Togashi huyo, viatu vinameta, mdomo haufungwi! "Midori ni mwenzenu! Semeni naye kama mnavyosemeana nyinyi kwa nyinyi." Kila asubuhi tukawa tunaiinamia mashine kuisalimu, kama mazuzu.

Siku moja Midori akamuuliza Sanae: shule inataka chakula cha siku ya michezo, Jumamosi, tupokee? Jiko letu kubwa la wali lilikuwa kwa fundi. Sanae akajibu kwa adabu zake, "Jumamosi itakuwa vigumu kidogo."

Midori akaelewa kuwa ni vigumu ila inawezekana. Akapokea, sisi hatuna habari! Jumamosi watoto wakashinda uwanjani na njaa, wazazi wakawaka moto.

Bosi akamsimamisha Sanae mbele yetu sote. "Kosa ni lako! Vigumu kidogo ndiyo nini? Kwani umekataa hapo?"

Na Togashi, yule yule, anatikisa kichwa. "Mama, na mashine lazima useme waziwazi."

Mnafiki mkubwa! Si wewe uliyesema tuseme nayo kama tunavyosemeana?

"Utakwenda shuleni peke yako," bosi akasema. "Uwainamie wazazi, useme kosa ni lako. La sivyo, vua aproni, uende zako."

Mjane wa miaka hamsini na minane, nani atamwajiri? Nilitamani kumrushia mtu mwiko. Sanae akavuta pumzi.

"Bosi, hilo... litakuwa vigumu kidogo."

"Unanikatalia?" bosi akafoka. "Unathubutu kunikatalia mimi?"

"Kumbe unaelewa!" nikaropoka.

Bosi akamtazama Togashi, Togashi akatazama viatu vyake.

Jumatatu bosi na Togashi walikwenda shuleni wao wawili, wakainama. Midori hakwenda, hana kiuno cha kuinamia. Sanae alibaki jikoni anaosha mchele, aproni yake kiunoni.