Kibao Kilichopakwa Mafuta ya Papa

Mume wangu alikuwa karani wa ofisi ya serikali Chake Chake, mtu wa kalamu na kanzu iliyopigwa pasi. Walipokuja kumposea kwetu Pujini, walimtaja kwa dini yake, kwa hati yake nzuri na kwa upole wake. Hakuna aliyesema kwamba moyo wake uko kwenye chuma. Wangesema, baba asingekubali. Sisi tulikuwa watu wa mikarafuu, ukoo uliotoka Manga, huko Arabuni, zamani. Shamba lilikuwa likipungua kila mwaka na majivuno yakibaki palepale. Mhunzi kwa baba alikuwa mtu wa kupelekewa jembe bovu na kuchukuliwa jembe zima, si mtu wa kukaa naye kunywa kahawa, sembuse kumpa binti.

Basi mimi nikaolewa na karani, na baada ya miezi michache nikajikuta naishi na mhunzi wa saa kumi alasiri.

Alianza na vitu vidogo. Alirudi ofisini na misumari mfukoni, kesho yake bawaba, kesho kutwa nusu ya shoka. Jumamosi moja akaja na watu wawili wamebeba kipande cha ekseli ya lori, alichopewa gereji kwa kuwa hakuna mwingine aliyekitaka. Akakisimamisha juu ya gogo la mfenesi pale pale uani, karibu na mafiga yangu.

"Hii ndiyo fuawe yangu," akasema, na uso wake umejaa furaha.

Nikamwuliza fuawe ndiyo nini. Akanionyesha kwa nyundo. Kuku wangu hawakutaga siku ile.

Alijivunia kwamba hakununua chombo hata kimoja kipya. Nyundo aliipata kwa seremala mzee aliyeacha kazi. Koleo alijifulia mwenyewe, na la kwanza lilitoka na mdomo umepinda kama wa mtu aliyenuna. Mivukuto ya kupulizia moto aliishona kwa ngozi za mbuzi wa Idi, na kabla hazijakauka uani kwangu hapakukalika. Makaa yalikuwa ya vifuu vya nazi, yale yale niliyokuwa nikiwekea pasi yake, kwa hiyo kanzu ikawa inakwenda ofisini na makunyanzi. Springi za magari mabovu alizilimbikiza chini ya kitanda chetu. Wanawake wenzangu chini ya kitanda walikuwa na masanduku ya nguo.

Kwa uangalifu simsingizii. Ndoo ya maji ilikuwa upande mmoja na ya mchanga upande wa pili. Hakuniruhusu kupita karibu na moto na kanga inaning'inia. Machoni alivaa miwani mikubwa ya wapanda pikipiki, ya kioo kimoja chenye ufa, na miguuni buti zilizotupwa na mzungu mmoja wa ofisi yao. "Cheche haina adabu," alikuwa akisema. Mimi nilimwangalia nikaomba Mungu jirani asichungulie. Siku cheche ilipomtoboa shuka akasema sasa anahitaji ngozi ya kujikinga kifuani na mapajani, ngozi nene, na anajua iliko.

Ilikuwa kwa baba. Baba alikuwa na tandiko la punda la ngozi, lililoletwa na babu yake kutoka Maskati, linaning'inia ukumbini tangu punda mwenyewe alipokufa. Mume wangu akaenda akaliomba kwa adabu zote. Baba akafurahi kupita kiasi. Alidhani mkwe wake sasa anataka kununua punda, aanze kuishi kama watu.

Haukupita muda, baba akaja kwetu bila taarifa, Ijumaa baada ya sala. Mume wangu alikuwa uani, miwani usoni, tandiko limekatwa pande mbili na kufungwa tumboni kwa mshipi ule ule uliokuwa ukipita chini ya punda.

"Hilo si tandiko langu?" baba akauliza.

"Ndilo, baba. Limenifaa sana. Cheche haipiti."

"Mie nilikupa ukanvike punda."

"Punda sina, baba."

Baba akamtazama kuanzia miwani mpaka buti. "Hapana," akasema, "naona keshapatikana."

Akaondoka bila kugusa kahawa. Mimi nilibaki na buli mkononi, natamani ardhi ipasuke niingie na buli langu. Mume wangu alicheka kidogo, akadhani mzee katania. Hilo ndilo lililokuwa likiniudhi kwake kuliko moshi: alikuwa haoni aibu, kwa hiyo aibu yote ilibidi niibebe mimi.

Na wakati wenyewe ulikuwa mbaya. Zilikuwa siku za vyama vya siasa, watu wameanza kususiana hata mazishi, na mtu akisikia nyundo nyumba ya pili anauliza panafuliwa nini na kwa ajili ya nani. Vilikuwa visu vya jikoni na mapauro ya kuchimbia, lakini nani angeamini? Nikawa nakwenda Pujini kila wiki, nakaa na mama huku tunachagua mchele, namweleza. Mama alikuwa msikilizaji mzuri. Hakuwa akijibu, alikuwa akichagua mchele tu, na mimi nikimwaga yote yaliyokuwa moyoni, hata yale ambayo mke hamwambii mtu.

Haikuchukua muda, neno la baba likanifikia kupitia kwa mama: aibu moja nyingine, nikachukuliwe na nguo zangu nirudishwe kwetu. Nikamwambia mume wangu. Akaliweka koleo chini.

"Na weye mwenyewe wasemaje?" akauliza.

"Baba ndiye kasema."

"Nimesikia alilosema baba. Nakuuliza weye."

Nikamwambia maji ya kuoga yako tayari. Wiki ile hakuwasha moto. Wiki ya pili akauwasha, akawa anagonga polepole, kama mtu anayegonga mlango wa mgonjwa, na mimi nikijua kwamba kitu kile anachokipenda kuliko chakula kinaning'inia kwenye neno langu moja, na neno lenyewe sikulitoa.

Ndipo ikaja harusi ya mdogo wangu. Kwetu mwanamke haendi kwenye shughuli mikono mitupu. Huenda na kibao chake cha kukunia nazi na kisu chake, akakaa safu moja na wenzake. Kibao changu kilikuwa kimekufa meno. Mume wangu akanitengenezea kingine. Ulimi wa chuma akaufua kwa springi, akaukata meno kwa tupa, membamba na sawasawa, kila jino na mwenzake. Kiti akakichonga kwa mfenesi, kikakunjika vizuri. Kisha, ili mchwa wasikile, akakipaka sifa, yale mafuta ya papa ambayo watu wa pwani hupaka vyombo vyao. Aliyapata bure kwa wavuvi wa Vitongoji aliowatengenezea ndoana. Akakianika juani siku nyingi, akakisugua kwa majivu, akakiosha, akakianika tena. Akakinusa. Nikakinusa na mimi. Kilinukia mti tu.

Nilikichukua. Sijui niseme vipi, lakini nilikipenda kibao kile. Nilikwenda nacho Pujini bila kukifunika na kanga, na mtu aliponiuliza kimetoka wapi, nikasema kimefanywa na bwana wangu. Ilikuwa mara ya kwanza kusema hivyo mbele za watu.

Asubuhi ya harusi tulikaa safu ndefu uani kwa baba, nazi zimerundikwa katikati. Nilikuna upesi kuliko wote. Nazi yangu ilitoka laini na nyeupe, wenzangu wakawa wanageuza shingo kutazama, na mpishi mkuu, bibi mmoja aliyejulikana Pujini nzima kwa ulimi wake, akapita akachota kidogo akasema, "Mashaallah." Zote zikawa zinamiminwa chano kimoja, zinakwenda kwenye vifumbu kukamuliwa tui.

Jua likapanda. Nilikuwa nimekaa juu ya mti ule kwa muda, na joto langu likapita kwenye nguo likaingia kwenye mti, na mafuta yaliyokuwa yamelala ndani yakaamka. Mwanzo nilidhani ni upepo wa baharini. Kisha yule aliyekaa kulia kwangu akasogea. Wa kushoto akavuta kanga yake puani. Mmoja akasema kwa sauti ya chini, "Jamani, nani kaja na samaki?" Hakuna aliyekuja na samaki. Wakaanza kunusa upande huu na upande huu, kwa adabu kwanza, kisha bila adabu, na pua zote zikaja zikaishia kwangu.

Nikajinusa. Harufu ilikuwa inatoka chini yangu, kwenye nguo zangu nilizokalia, na mikono yangu ilikuwa imeshika kibao kila mara kukisogeza, kwa hiyo ilikuwa kwenye nazi pia.

Mpishi mkuu alichovya kidole kwenye tui, akaonja, akatema. "Papa!" akasema. "Tui la harusi linanuka papa!" Akaja akaniinua kwa mkono kama mtoto aliyejikojolea, akakigeuza kibao kwa mguu, akainama akanusa. "Haya ni mafuta ya kupaka ngarawa, mwanangu, si ya kukalia ntu." Safu yote ikacheka. Wako waliocheka mpaka wakalia machozi. Mimi nilisimama, kanga imeshika mwili, nanuka, na sikuwa na pa kwenda kwa sababu kila mlango ulikuwa na watu.

Tui lote likamwagwa. Wanaume wakapandishwa minazi kuangua nazi nyingine, na jamaa wa bwana harusi, waliotoka Gando wote na njaa yao, wakafika wakakaa barazani kusubiri wali ambao haujatelekwa. Siri haikai uani. Barazani walishajua kabla sijamaliza kubadili nguo.

Baba aliniita kwenye chumba cha stoo, kati ya magunia. Mama alikuwa amekaa pembeni, macho chini. Mume wangu alikuwa ameitwa kabla yangu. Alisimama mlangoni, kanzu yake nyeupe, mikono nyuma.

"Kosa ni langu, baba," akasema. "Yeye hakujua, wala mti haukunuka."

"Sikukuuliza weye," baba akasema. Akanigeukia. Hakupandisha sauti; ingekuwa nafuu kama angepandisha. "Mwanangu, mama yako kanambia yote. Kanambia huyu akiingia kulala na moshi wake, weye wageukia ukutani, unaziba pua kwa kanga. Kanambia ukigusa mikono yake unaona kama unagusa nkaa. Kanambia wenzio wakikuuliza bwana ako afanyani baada ya ofisi, wasema anasoma. Kweli si kweli?"

Nilitazama magunia. Nilisikia wanawake nje wanavunja nazi, na kila moja ikivunjika natamani iwe kichwa changu. Ile aibu ya uani haikuwa kitu. Kunuka mbele ya watu, mtu huoga ikaisha. Haya yalikuwa maneno yangu mwenyewe, kila neno jinsi nilivyolisema, yamemfikia mtu ambaye hakustahili hata nusu yake, na ametulia anayasikiliza.

"Kweli si kweli?" baba akarudia. "Ukisema umechoka, leo huondoki hapa."

"Sijachoka, baba," nikasema. Sauti ilitoka ndogo mno.

"Basi kazi hiyo ife."

"Imekufa, baba," mume wangu akasema. Hakunitazama. Aliileta mikono yake mbele, akaitazama, akairudisha nyuma.

Tulirudi Chake siku ya tatu. Hakuniambia neno baya, na njiani alinibebea mkoba. Alasiri ile alifungua mivukuto, akazitoa springi moja moja chini ya kitanda, akampa kila kitu mtu wa vyuma chakavu, fuawe pamoja na nyundo. Lile tandiko alilikunja vizuri akasema litarudishwa Pujini. Nilikuwa mlangoni. Nilitaka kumwambia usivitoe, washa moto, gonga mpaka majirani wahame. Nilikuwa na neno lile tangu alipoliomba, na sasa lilikuwa tayari, lakini halikuwa na kazi tena.

Baada ya isha nilimsikia kwenye pipa la maji. Alisugua mikono kwa mchanga, akasugua kwa limau, akasuuza, akaanza upya. Alichukua muda mrefu. Alipomaliza alikuja mpaka kizingiti cha chumba chetu wenyewe, akasimama pale kama mgeni anayengoja kukaribishwa.

"Nilale chini?" akaniuliza.

Nikamwambia njoo. Akaja, akalala ukingoni kabisa mwa kitanda, akanipa mgongo, na mikono yake akaining'iniza nje, mbali na mimi.