Mpira Uliobaki Mdomo Wazi

Mtaani wanamwita Mzee Vipira, na jina hilo halimkeri. Alikata nyasi kwenye uwanja wa gofu tangu ujana hadi alipostaafu, na kila mpira mkuukuu aliouokota vichakani aliuleta nyumbani. Sasa mipira hiyo imelala sebuleni ndani ya trei za mayai, kila mmoja na kitanda chake.

Ipo ya utomvu mgumu wa mti, uliolainishwa kwa maji ya moto na kuviringishwa viganjani. Ikiwa mipya na laini haikuruka vizuri. Wachezaji wakagundua kuwa iliyochubuka ndiyo inayokwenda mbali, basi mafundi wakaanza kuitia alama kwa nyundo. Lakini kishimo cha kwanza cha trei ya kwanza kilikuwa kitupu. Kilingojea mpira wa kale kuliko yote, wa ngozi iliyoshindiliwa manyoya ya bata. Huo hakuwahi kuuokota.

"Usichookota, tushone," marehemu mkewe alimwambia. Alikuwa fundi wa mikoba ya ngozi, na sindano ilimtii.

Wa kwanza waliukosea. Walijaza manyoya makavu, ukawa laini kama mto wa mtoto. Mkewe alicheka hadi machozi, akaubonyeza kwa dole gumba. "Huu upige kwa kijiko, mume wangu!" Baadaye wakajua: manyoya huchemshwa na kushindiliwa yangali majimaji, na ngozi hulowekwa kwenye maji ya shabu, ile chumvi ya kukazia ngozi. Vikikauka, manyoya hutanuka na ngozi hujikaza, vikabanana hadi mpira uwe jiwe.

Mkewe akashona wa pili, akauachia mdomo mdogo wa kujazia. Maradhi yakamwahi kabla hawajaujaza.

Mpira ule ukakaa kabatini, mdomo wazi. Mzee aliogopa: akiushindilia vibaya ngozi ingepasuka, na mshono wa mkewe ungekwenda nao. Lakini ngozi nayo ilikuwa inakakamaa. Akiendelea kuuangalia tu, ungepasuka wenyewe.

Mwishowe akamwita shemeji yake, mdogo wa marehemu, aliyefundishwa sindano na dada yake.

"Leo umenikumbuka, shemeji? Nilidhani umeoa trei."

"Kaa, maneno yako hayajazi mpira."

"Mkono wangu unatetemeka kwa njaa. Chemsha manyoya, na sufuria ya chai iwe nyingine!"

Mzee aliloweka ngozi, akashindilia manyoya kwa kijiti. Kila ngozi ilipolia, alisita.

"Shindilia, bwana. Dada hakushona karatasi."

Mpira uliposhiba, shemeji aliufunga mdomo. Mishono yake ilikuwa midogo, imelala upande, ile ile ya dada yake. Mzee akageukia dirisha, akajifanya anatazama mawingu.

Ulipokauka, aliugonga mezani: ko! Akamwita shemeji aje aone. Kishimo cha kwanza kikajaa, na trei ikatimia. Alikuwa amedhani siku hiyo moyo ungetulia. Badala yake, mkono wake ulifungua droo na kuutoa ule mpira wa makosa, wa manyoya makavu. Kibonyeo cha dole gumba la mkewe kilikuwa bado kipo. Akaweka dole lake, halikuenea.

"Na huo wa kijiko utauweka wapi?" shemeji aliuliza. "Nafasi zimekwisha."

"Huu si wa trei," alisema Mzee Vipira, akautia kwenye mfuko wa shati. "Ngoja nikupikie chai."