Kahawa Niliyoitia Kwenye Bahasha

Likizo ndefu ya mwaka wangu wa pili, chuo kikuu kule Uganda kilinirudisha nyumbani kujifunza kazi. Nilishuka melini Bukoba nimevaa soksi ndefu, nina kalamu ya wino mfukoni na majivuno ya kutosha wilaya nzima. Mwingereza alikuwa bado anatutawala, na wanafunzi wa chuo kikuu kutoka kwetu tulihesabika kwa vidole. Mama yangu, kule Ijumbi, alikwisha kuwatangazia majirani kwamba mwanawe amekuja kuwa Bwana Shamba.

Ukweli ulikuwa mdogo kuliko huo. Nilitakiwa kupima vibanja, yale mashamba yanayozunguka nyumba, vya kijiji kimoja cha Rubafu, nikague migomba na mibuni, kisha niandike ripoti. Bwana Shamba mwenyewe, Mwingereza, ndiye angeitia sahihi. Bila sahihi yake chuo kingenifukuza.

Aliyenipokea hasa ni msaidizi wake, Mhaya wa makamo, Mwislamu wa Miembeni pale mjini, ambaye shule yake iliishia darasa la nne. Alinipa chumba kwake, akaniazima baiskeli, na mkewe akanipikia ndizi kwa maharage kana kwamba yeye ndiye aliyenizaa. Jumapili alinisubiri nje ya kanisa letu la Kilutheri ili tukapitie ramani pamoja. Hakuna ofisi iliyomwagiza afanye hayo. Maharage yale bado nayatamani.

Siku ya kwanza Rubafu nilikwenda peke yangu, nikitaka kuonekana mtaalamu. Mwenye kibanja cha kwanza, mama mjane, alinikaribisha, akaniletea akamwani katika kijikapu, ile kahawa yetu ya kutafuna, iliyochemshwa na kukaushwa. Kwetu mgeni hupokea, hutafuna, ndipo mazungumzo yaanze. Nilijua, nimekua nayo. Lakini chuoni tulifundishwa kuchukua sampuli ya kila zao, na mimi nikazitia punje zile kwenye bahasha, nikaandika namba ya shamba, nikamuuliza ana mibuni mingapi.

Mama yule aliielekezea bahasha kidole.

“Mwana wange,” akasema, “hiyo kahawa yangu unakwenda kuifanyia nini?”

Akachukua kijikapu chake, akaingia ndani. Kufika adhuhuri kijiji kizima kilikuwa na habari. Kila nilikopiga hodi niliambiwa mwenye nyumba amekwenda rweya, kule mbugani nje ya kijiji, kukata nyasi. Sijapata kuona nyasi zikikatwa kwa bidii namna ile.

Nilirudi Miembeni nikamweleza mwenyeji wangu. Alicheka mpaka akashika ukuta.

“Tata,” akasema, kama kwetu mzee anavyomwita kijana kwa upendo, “umesoma mpaka umesahau kula?”

Kesho yake tulikwenda wote wawili. Nilidhani ataniombea radhi. Akasema yeye hamwombei radhi mtu mwenye mdomo wake. Aliketi, akatafuna kahawa, akauliza hali ya migomba, akaniacha nitokwe jasho. Basi nikaomba radhi mwenyewe, kwa Kihaya cha bibi yangu, kile kisichochanganywa na Kiingereza. Mama akanisogezea kijikapu, akanisimamia nikitafuna, mwishowe akacheka. Kisha yeye mwenyewe akashika ncha ya mnyororo wa kupimia. Siku hiyo hiyo majirani wote wakarudi kutoka rweya.

Majuma yaliyofuata yalikuwa matamu kuliko yote ya ujana wangu. Msaidizi yule alinifundisha kuusukuma mgomba kwa kiganja na kujua kama fukusi wamekwisha kula shina. Alinifundisha kumsikiliza mkulima kwanza, kalamu baadaye. Nusu ya ripoti yangu ilitoka kinywani mwake.

Siku ya sahihi, Bwana Shamba alinisomea fomu ya chuo swali baada ya swali. Msaidizi alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi, na Kiingereza cha kusikia alikuwa nacho.

“Mwanafunzi amefanya kazi hii bila msaada?”

Niliogopa. Niliona nikitaja msaada, kalamu itasimama na chuo kitanipotea. Ningeweza kugeuka tu nikamtazama yule mtu, lakini shingo ilikataa.

“Ndiyo, bwana,” nikajibu. “Bila msaada.”

Sahihi ikatiwa. Tulipotoka nje, msaidizi alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akanipongeza kwa furaha ya kweli kabisa. Afadhali angenitukana.