Jumamosi za Kuvunja Sauti

Siku yangu ya kwanza kazini niliambiwa nisiimbe. Ilikuwa Jumapili saa nane mchana, katika ukumbi wa hoteli moja mjini Kitale, ambapo vijana walikuja kucheza bugi. Bugi ilikuwa dansi ya mchana, inafungwa kabla ya giza ili wazazi wasilalamike. Bendimasta Sikuku, mkubwa wetu, alinisikiliza nikiimba ubeti mmoja, kisha akanyoosha mkono kama askari wa barabarani.

"Binti, sauti yako ni safi," akasema.

Nikasema asante.

"Sijakusifu. Safi ni ya kanisani. Kaa hapo utazame."

Nikakaa juu ya kreti ya soda nikatazama. Ngoma alikuwa Juma Sadiki, gita la solo Herbert Wekesa, ridhim ndugu yake Pius, na besi Mzee Kiptoo, ambaye hakuwa mzee, alikuwa na upara tu. Wote nawakumbuka, hata viatu vyao. Mimi ni Petronila Nasimiyu. Shule niliachia darasa la nne, kwa hivyo mwalimu yeyote asinisahihishe. Nimeimba roki zaidi ya miaka ishirini, Kitale na Bungoma, na naandika haya nikiwa na hasira. Nasema mapema. Hasira ni ya koo la mjukuu wangu Nanjala, msichana wa miaka kumi na tisa, ambaye leo hawezi hata kuita kuku.

Ninyi vijana mnaoimba nyumbani na kutumiana kwa simu, hebu mjue kazi ilikuwa vipi. Wimbo wa mtu mwingine tuliuita kopirait. Wimbo wetu wenyewe tuliuita komposheni, lakini komposheni watu walizitumia kwenda chooni. Walitaka kopirait, na waliitaka kama ilivyo kwenye sahani ya santuri, hata pale mwenyewe alipokohoa. Hatukuwa na karatasi ya maneno. Bendimasta aliweka sahani, tukaisikiliza mpaka sindano ikachoka, na kila mtu akanasa sehemu yake. Mimi Kiingereza sikukijua. Nilinasa milio tu, kama kasuku. Na kwa sababu sikuweza kusoma majina ya wale waimbaji wa Ulaya, niliwapa yangu: mmoja Kengele, mmoja Mbuzi Dume, na mmoja ambaye sauti yake ilikuwa kama bati linakokotwa kwenye changarawe nilimwita Mashine ya Posho. Bendimasta alimpenda Mashine ya Posho kuliko mke wake.

"Huyu ndiye mwimbaji," alikuwa akisema. "Wengine wote wanasoma taarifa ya habari."

Basi nikafundishwa kuvunja sauti. Kila Jumamosi asubuhi Bendimasta alinipeleka kwenye mahindi, nyuma ya stoo za mbolea, mahali ambapo hakuna mtu wa kuuliza nani anauawa. Kazi ilikuwa kupiga kelele. Siyo kuimba. Unapiga kelele kwa koo, mdomo wazi, mpaka sauti ichanike katikati na ulambe kitu kama kutu. Halafu hunywi maji mpaka jioni, ili kidonda kisilainike. Jumapili ukishika maiki, sauti inatoka na mikwaruzo yake, na vijana wa bugi wanaruka.

"Inauma, Bendimasta," nilimwambia mara ya kwanza.

"Jembe jipya haliingii ardhini vizuri, Petro. Linataka mawe kwanza."

Nilimwamini. Alikuwa mkubwa wangu, ana tai, anasoma Kiingereza. Na Jumapili ile watu walipiga makofi mpaka Juma Sadiki akasimama kutoka kwenye ngoma akanishika mkono. Nani angenikataza? Mama yangu alisikia sauti yangu Jumatatu, akauliza kama nina homa. Nikamwambia hiyo ndiyo kazi.

Nilivunja hivyo karibu kila Jumamosi mpaka Bendimasta alipohamia Nakuru na bendi ikatawanyika. Kisha nikachukuliwa na hoteli nyingine Bungoma. Huko mkubwa alikuwa Meneja, mtu wa msikiti, mpole, asiyeujua muziki wala kujifanya anaujua. Aliniambia, "Dada Petronila, mimi najua chakula na vitanda. Mambo ya sauti nakuachia wewe." Kwa hivyo pale hakuna bosi wa kulaumu. Pale bosi wa sauti nilikuwa mimi.

Na mimi nikaletewa Rispa Naliaka.

Rispa alitoka Chwele na sauti ambayo sijasikia nyingine kama hiyo mpaka leo. Ilipanda bila ngazi. Wimbo wa Kengele, ule ambao wanaume wote waliukimbia, yeye aliuimba akifuta meza. Nilimsikia nikaona wivu, na siuiti jina lingine. Nikamwambia maneno yale yale: sauti yako ni safi, safi ni ya kanisani. Nikampeleka kwenye mahindi.

Alivunja misimu miwili ya mvua. Katikati ya msimu wa pili sauti ilichanika, na Jumapili haikurudi. Jumapili iliyofuata pia haikurudi. Akaniuliza kwa ule upepo uliobaki, "Dada Petro, nifanye nini?" Mimi, kwa ujinga wangu mkubwa, nikamwambia apige kelele zaidi, imekwama tu. Alirudi kwao kabla ya mavuno. Sikumtembelea. Nilijiambia alikuwa na koo dhaifu, mimi langu ni la chuma, na nikaendelea kulisema hilo miaka yote tangu nistaafu, nikinywa chai yangu hapa Kiminini, mbele ya wajukuu. Nilisimulia mahindi kama askari anavyosimulia vita. Rispa sikumtaja.

Nanjala alikuwa anasikiliza.

Kumbe ana kundi lake kwenye simu. Ni watu wa nyumbani tu, mmoja Webuye ana gita, mmoja Bungoma anapiga ngoma zilizofungwa blanketi ili majirani wasije na fimbo, na mkubwa wao ni Kevo wa Kitale, fundi wa redio. Kila mtu anarekodi sehemu yake chumbani kwake, Kevo anaunganisha. Wanaimba kopirait za metali, ambayo ni roki iliyokasirika. Mwimbaji ni Nanjala. Na wakimaliza kuimba wanabishana: nani kati ya wale wazee wa Ulaya alikuwa na koo kubwa. Walicheza kipande cha wimbo nikajua wanamzungumzia Mbuzi Dume. Nikafurahi, kusema kweli. Nikaketi na wao kwenye simu, nikatoa maoni.

Miezi ikaenda. Nanjala akaanza kukohoa, akaanza kuongea kama mtu anayesaga mchanga. Halafu sauti ikakatika. Tukaenda hospitali ya misheni. Daktari wa koo, mama mmoja mtulivu, alimtia kifaa chenye taa, akanionyesha kwenye kioo: kamba mbili ndogo, na kwenye kila moja uvimbe mweupe.

"Hizi kamba zinagongana tukiongea," akasema. "Zikigonganishwa sana zinaota sugu, kama kiganja cha mkulima. Bibi, huyu msichana anafanya kazi gani?"

"Anaimba."

"Hapana. Huyu anapiga kelele. Nani alimfundisha?"

Nikamwangalia Nanjala ili nimkasirikie huyo aliyemfundisha. Nanjala akachukua simu akaandika, akanipa. Aliandika: *Ni wewe, Kukhu.* Kukhu ni bibi kwa Kibukusu.

Akanionyesha kundi. Wana siku yao, Jumamosi asubuhi, kila mtu anatafuta mahindi anapiga kelele, halafu hakuna maji mpaka jioni. Jina la siku hiyo ni Jumamosi ya Shosho. Shosho, yaani bibi, ni mimi.

Daktari alisema wiki sita bila kutoa sauti, na asinong'one pia, kunong'ona kunachubua. Sugu zikilainika, sawa. Akirudi kupiga kelele, hakuna dawa yake. Na wiki ya pili tu Kevo akapiga simu, kwamba kuna kopirait kubwa inamngoja Nanjala. Nikaichukua mimi.

"Niaje shosho," akasema. "Mwambie Nanja avumilie kidogo bana. Hata wewe si ulivumilia?"

Nilimwambia maneno ambayo sitaandika. Kisha nikaona maneno hayatoshi, acha wasikie. Nikamwambia Nanjala afungue pale pa kurekodi. Nikajaribu kuimba wimbo wa kubembeleza mtoto, ule ambao kila mwanamke Mbukusu anaujua kabla ya kujua kupika. Sauti ilitoka ikavunjika, ikatoka, ikafa katikati. Nikasema mwishoni: "Sikieni. Hii ndiyo Jumamosi imenifanyia. Hata kitukuu changu nikimwimbia analia zaidi. Acheni." Tukatuma.

Majibu yalikuja kabla chai haijapoa. Yalikuwa mioto. Picha za moto tu, moja juu ya nyingine. Yule wa Webuye akaandika kwamba hajasikia mikwaruzo kama hiyo tangu azaliwe. Kevo akatuma sauti: "Shosho, hiyo ni dhahabu. Ati unataka kutuficha hii? Tukuwekee gita nyuma?"

Nimetukanwa na walevi maishani, na mara moja nilirushiwa chupa. Sijawahi kukasirika kama siku hiyo. Mtu anakuonyesha mguu wake uliokatika, nawe unasifu namna anavyochechemea.

Lakini kilichonitisha ni Nanjala. Alikuwa anasoma ile mioto, na macho yake yalikuwa yanang'aa. Nilimjua. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nimekaa juu ya kreti ya soda. Nikaona nimebakiwa na kitu kimoja tu cha kumwonyesha, na sikutaka kukionyesha.

Siku ya soko tulikwenda Chwele.

Niliuliza watu, nikaelekezwa upande wa vitunguu. Rispa alikuwa amekaa nyuma ya mafungu yake, amenenepa, kitambaa cha kijani kichwani. Wachuuzi wenzake walikuwa wanaita wateja kwa vifua vyao vyote. Yeye alikuwa na kopo la maziwa na kijiko. Mtu akipita, anagonga. Aliniona, akaacha kugonga.

"Dada Petro," akasema. Ilikuwa pumzi tu. Ilibidi niiname.

"Rispa. Huyu ni mjukuu wangu, Nanjala. Anaimba. Ameumia koo."

Alimtazama mtoto, akanitazama mimi. "Umemleta anione? Mimi ni ng'ombe wa maonyesho?"

Akamwita Nanjala kwa kidole, akamwelekeza asimame mbele ya vitunguu. "Niitie wateja," akasema. "Mara moja tu."

Nanjala akanigeukia. Daktari alikuwa amekataza, nami nikafungua mdomo niseme hivyo, lakini Rispa akainua kijiko nikanyamaza. Nanjala akafungua kinywa, akaita. Ilitoka kama hewa ya baiskeli. Mama wa nyanya aliyekuwa karibu hakugeuza hata kichwa.

Rispa akamkabidhi kopo na kijiko. "Basi gonga," akasema. "Utazoea. Mimi ilinichukua mwaka kuacha kuona haya."

Nanjala alishika lile kopo na hakuligonga. Machozi yalimtoka bila mlio wowote, na hicho ndicho kitu cha kutisha, mtoto analia na soko halisikii. Halafu akaliweka chini taratibu, akatoa simu, akajiondoa kwenye kundi mbele yetu. Akanionyesha, akamwonyesha na Rispa. Rispa hakujua ni nini, lakini akaitikia kwa kichwa.

Mimi nikapiga magoti pale kwenye maganda. Watu wakaanza kutazama. Nikamwambia Rispa nilimwonea wivu, nikamharibu, na nikasema ni koo lake. Nilisema yote, na majina ya siku na mahali, kwa sababu kichwa changu hakisahau kitu.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Akanivuta nikaribie, sikio langu karibu na mdomo wake.

"Nilikungoja," akasema. "Mwaka wa kwanza nilikungoja sana. Leo umekuja, lakini umekuja kwa ajili ya wako."

Kisha mteja akasimama kuuliza bei, naye akaniacha pale chini akachukua kijiko chake.

Wastaafu wengi huandika kwamba wakizaliwa tena wangechagua kazi ile ile. Mimi naandika kwamba nilikuwa na hasira na Bendimasta Sikuku, na Kevo, na watu wa mioto, na hasira hizo zote bado ninazo, ni za haki. Lakini nilizibeba mpaka Chwele nikakuta zilikuwa zinanisaidia nisiangalie upande wa vitunguu. Siku ya soko nakwenda. Naketi kando ya Rispa, upande wa barabara, na wateja nawaita mimi, kwa hii sauti ya bati. Hajaniambia "karibu". Wiki iliyopita alisogeza gunia kidogo, nikapata mahali pa kuweka miguu.