Sabato ya Ningu

Juu ya mlango wa sebule yangu hapa Mbita umetundikwa mgono mkuukuu wa kuvulia samaki, ule ambao sisi Waluo tunauita osadhi. Wageni hudhani ni pambo. Siku za jua haunuki chochote. Lakini masika yanapokaribia na hewa ikawa nzito, mgono ule huanza kutoa harufu ya tope la mto, mafunjo mabichi na moshi wa kuni. Hapo mimi huweka chini chochote nilichoshika. Mara nimekuwa tena msichana wa miaka kama tisa, miguu mitupu, kwenye ukingo wa Mto Kuja, nikimsubiri nyanya yangu aseme kama jua limezama au bado.

Kwetu ni upande wa Nyatike, karibu na mahali mto unapoachana na nchi kavu na kuingia ziwani. Wazazi wangu walikuwa Kericho kwenye kazi ya majani chai, nami nikalelewa na Dani Miriamu, mama yake baba. Mkono mdogo wa mto ulipita chini ya boma letu, katikati ya mafunjo marefu kuliko mtu. Nyuma ya mafunjo kulikuwa na bonde la nyasi. Kiangazi ng'ombe walilisha humo, na masika yakija bonde zima lilijaa maji. Babu, ambaye sikumjua, alikuwa amejenga uzio wa fito kuukatiza ule mkono wa mto kutoka ukingo hadi ukingo, na katika uzio aliacha matundu ya kutegea migono. Alipofariki, uzio ukabaki mikononi mwa Dani.

Samaki wetu alikuwa ningu. Sijui kama wewe msomaji umewahi kumla. Ni samaki wa kijivu mwenye midomo minene na miiba midogo isiyo na idadi. Dani alisema Mungu alimwumba ili kuwafundisha watoto kunyamaza wakati wa kula. Tena alikuwa na magamba, kwa hiyo kwetu Wasabato alikuwa halali. Kamongo na mumi, ambao tuliwahesabu kuwa hawana magamba, hatukuwagusa, ingawa nakiri kwamba harufu ya kamongo wa jirani ilinijaribu kuliko tunda lilivyomjaribu Hawa.

Maji ya kwanza ya masika yalipoteremka mekundu kutoka milimani, ningu walitoka ziwani kupanda mto, makundi kwa makundi, na migono ikajaa. Jumapili hadi Ijumaa, yaani. Ijumaa jioni, kabla jua halijazama, Dani aliamuru migono yote iinuliwe, ioshwe kwa mchanga na kulazwa ukingoni, midomo chini. Matundu ya uzio yakabaki wazi hadi Jumamosi jioni. Kazi ya kuosha ilikuwa yangu. Kazi ya kuinua ilikuwa ya Baba Odongo, mdogo wake baba, ambaye alikuwa amemfuata mke wake kwenye kanisa la Jumapili na hakuchoka kumtania mama yake.

"Mama," alisema huku maji yakimfika kifuani, "hawa ningu walibatizwa wapi? Maana naona wanashika Sabato kuliko mimi."

"Wewe inua mgono," Dani alijibu. "Wao hawajawahi kuchelewa ibada."

Watu wa juu ya mto nao walicheka, maana ningu tuliowaachia sisi waliangukia kwenye migono yao. Jumamosi waliiita siku ya Miriamu. Wakikutana na Dani sokoni walimshukuru kwa sauti kubwa ili kila mtu asikie. Yeye aliwaambia karibuni kanisani basi, mshukuru mwenyewe mwenye siku. Lakini si ningu wote waliofika kwao. Wengi walipita uzio, wakakata kona kwenye mwanya wa mafunjo, wakaingia katika lile bonde la nyasi lililofurika. Tuliwasikia humo alasiri ya Sabato tukiwa tumeketi nje. Ilikuwa sauti kama ya wanawake wengi wanaofua nguo kwa pamoja, na juu yake mlio wa yule ndege mweusi wa mafunjo, mwenye kifua chekundu na utosi wa manjano. Mimi niliamini kabisa kwamba ningu wanaimba.

Kisha ukaja mwaka wa njaa. Bonde lile lilikuwa katika fungu ambalo babu alimgawia Baba Odongo, na kiangazi kile aliamua kulilima.

"Watoto hawali nyasi, Mama," alisema. "Lile bonde limelala bure."

"Halijalala. Lina wenyewe."

"Wenyewe gani? Mbona siwaoni?"

"Watarudi mvua ikija."

Dani hakumzuia, kwa sababu ardhi ilikuwa ya mwanawe na sufuria za mkaza mwanawe zilikuwa tupu. Baba Odongo alikata mafunjo, akayaacha yakauke, kisha akayachoma. Moto ule uliunguruma siku nzima. Majivu yalitua kwenye nguo tulizoanika, na ndege wa kifua chekundu walizungukazunguka juu ya moshi mpaka wakaondoka. Pale kwenye mwanya aliinua tuta la udongo, refu na nene, ili maji ya mto yasiingie. Akapanda mahindi. Yalipendeza, siwezi kusema uongo. Masika yalipoanza yalikuwa yamefika magotini, ya kijani iliyoiva, na mke wake alikuwa ameanza kutembea akiimba.

Sabato ya kwanza baada ya mto kujaa, tulikuwa tunarudi kutoka kanisani. Dani alikuwa na gauni lake jeupe na kitambaa cheupe kichwani, nami nilikuwa nimebeba viatu vyangu mkononi ili visichakae. Tukasikia ile sauti ya kufua nguo. Lakini haikutoka bondeni. Ilitoka kwenye tuta.

Tulipofika niliona jambo ambalo sijalisahau. Ningu walikuwa wamepita uzio wetu ulio wazi, wakafuata njia yao ya siku zote, wakagonga udongo. Walikuwa wamejazana mbele ya tuta katika maji yasiyofunika migongo yao. Walirukaruka, wakaangukiana, matumbo yamevimba kwa mayai. Wengine walikuwa wameshalala ubavu. Na watu walianza kufika kutoka kila upande na vikapu, na beseni, hata na sketi zilizokunjwa, wakiwaokota kama mtu anavyookota mapera chini ya mti.

Dani alisimama. Midomo yake ilikuwa inatikisika, nikajua anaomba. Kisha akaniambia, "Akinyi, niletee jembe."

"Dani, leo ni Sabato."

"Najua ni siku gani. Niletee jembe."

Sijui nitawaelezaje mlio wageni wa nyumba kama ile. Siku ya Sabato hatukuwasha moto. Hatukufagia. Sindano ikianguka tuliiacha hapo ilipo mpaka jioni. Na sasa nyanya yangu alikuwa amefunga gauni jeupe kiunoni, amepanda tuta na anachimba. Nililia. Nilikuwa na hakika kwamba mbingu zitafunguka.

Kabla hazijafunguka alitokea Baba Odongo, mbio.

"Mama! Mahindi yangu!"

"Mahindi nitakulipa, mwanangu."

"Utanilipa na nini? Na Sabato je? Siku zote unanikataza hata kupasua kuni kwenye boma lako!"

Dani aliegemea mpini wa jembe, akihema. "Ng'ombe akitumbukia kisimani siku ya Sabato, utamwacha humo mpaka jua lizame? Bwana wetu aliwauliza wakubwa wa dini, nao wakakosa la kujibu. Kama wewe unalo, nijibu."

"Hao si ng'ombe, Mama. Hao ni samaki."

"Na huyo aliyewaumba ni nani?"

Baba Odongo alishika kichwa kwa mikono miwili. Angeweza kumnyang'anya jembe, maana alikuwa mtu mwenye nguvu, na haki ya ardhi ilikuwa upande wake. Hakufanya hivyo. Alikaa chini kwenye matope, akatazama. Dani akapiga mara chache zaidi, udongo ukalegea, maji yakapata upenyo, na mto ukamalizia kazi wenyewe. Ningu waliingia kwa mkupuo mmoja. Jioni mahindi yalikuwa yamezama, ncha tu ndizo zilizoonekana, na katikati yake samaki walikuwa wanapigapiga mikia.

Sabato iliyofuata, katika darasa la watoto, mwalimu aliuliza nani ana ombi. Niliinua mkono nikasema, "Tumwombee Dani wangu. Alilima Sabato." Kanisa letu lilikuwa chumba kimoja, wakubwa upande huu, watoto upande ule, kwa hiyo wote walisikia. Mwalimu akaomba, sauti ikimtetemeka, na leo nadhani alikuwa anazuia kicheko. Alipomaliza, "Amina" iliyosikika kuliko zote ilikuwa ya Dani.

Alilipa alichoahidi. Alikuwa na shamba la mtama juu kwenye mwinuko, bora kuliko yote aliyokuwa nayo, akampa Baba Odongo likiwa na mtama wake umesimama. Mwaka ule sisi tulikula mihogo mpaka nikaichukia. Baba Odongo alivuna, watoto wake wakashiba, lakini hakukanyaga kwa mama yake. Salamu alizituma kwa watoto. Migono ya Ijumaa Dani aliinua mwenyewe, kwa shida, nami nikimshikia mkono asisombwe.

Maji yalipoanza kupungua bondeni, samaki wadogo walianza kutoka. Walipita kwenye ule mwanya wakielekea ziwani, wembamba kama kucha ya mtoto, wengi hata maji yakaonekana kama yana moshi ndani yake. Asubuhi moja nilimkuta Baba Odongo amechutama pale, peke yake. Alitia kiganja majini, akakiinua, akatazama kilichokuwemo, kisha akakirudisha taratibu. Hakuniona. Ijumaa ile, kabla ya jua kuzama, alikuja uzioni bila kuitwa, akavua shati, akaingia mtoni.

"Toka majini, Mama," alisema bila kumtazama. "Wasabato wako wanangoja kufunguliwa."

Dani akapanda ukingoni. Alinipa kitambaa chake nishike, maana macho yake yalikuwa yameloa na alitaka kunawa.

Nilipokuwa mtoto nilidhani siku ile nyanya yangu alivunja amri kwa ajili ya samaki. Imenichukua umri wote huu, na miaka mingi ya kufundisha darasa lilelile la watoto, kuona kwamba ile ndiyo Sabato aliyoishika kuliko zote. Tulikuwa tukiwafungulia ningu mlango kila juma na kujisifu kwa huruma yetu. Yeye alielewa kwamba mlango peke yake hautoshi. Wakipita na kukuta kwao hakupo, tumewafungulia ili wafie mbele kidogo.

Miaka iliyofuata ilikuwa mibaya kwa ningu. Nyavu za macho madogo zilitandwa mdomoni mwa mto, mafunjo yakachomwa ukingo kwa ukingo, na mabonde mengi yakageuzwa mashamba. Hata kwetu, Dani na Baba Odongo walipokwisha kulala usingizi wa mauti, bonde lilikodishwa, likalimwa. Nilifikia mahali pa kukaa masika mazima bila kuona ningu hata mmoja sokoni, na vijana wakaniuliza kama kweli waliwahi kuwapo. Afisa wa samaki alituambia kwamba aina hii inaweza kutoweka kabisa, kwa kuwa inazaliana katika nyasi zilizofurika na nyasi hizo zimekwisha.

Aliyelirudisha bonde ni Adhiambo, binti wa Baba Odongo, mama wa kanisa la Jumapili kama wazazi wake. Alikataa kulikodisha tena. Akakusanya wanawake wa kikundi chake, wakabeba mashina ya mafunjo kutoka mdomoni mwa mto, wakayapanda katika matope kandokando ya mwanya. Majirani wawili wamefuata. Mafunjo hayahitaji kubembelezwa, yanahitaji kuachwa tu.

Masika haya alinipigia simu. "Dada, njoo upesi, usiulize." Nilivuka kwenda Nyatike na magoti yangu haya. Ilikuwa Ijumaa. Wajukuu wake walikuwa wanaosha migono kwa mchanga, wakiilaza midomo chini, na katika mafunjo machanga ndege wa kifua chekundu alikuwa anamwita mwenzake. Niliwaambia mimi nitaketi tu. Jua likazama. Tukatega sikio, Mkatoliki na Msabato, vikongwe wawili juu ya jiwe moja.

Kwanza alipita ningu mmoja. Kisha wawili watatu. Kisha bondeni, ndani ya nyasi, ikaanza ile sauti ya kufua nguo.

Adhiambo alinigusa kwa kiwiko. "Dada," alinong'ona, "Wasabato wako wameingia."