Nilipotaka Mtoto Asilie

Kuna siku moja naikumbuka, mwanangu, na nikiikumbuka hata kukaa siwezi. Utaniona nainuka, nakwenda mlangoni, narudi. Usinicheke. Umeniambia mtoto wenu ana siku nne, analia mno, na wewe hulali. Basi keti, nami nitajaribu kuketi, nikueleze.

Enzi za Mwingereza mie nilikuwa kijana hapa Temeke, nimepanga chumba kimoja katika nyumba ya udongo na makuti. Kazi yangu ilikuwa kupakua mizigo bandarini, zamu ya usiku, mchana nalala. Mke wangu Zuhura alipopata mimba ya kwanza, wazee wakataka desturi ifuatwe: aende kwao Mbwamaji, akajifungulie kwa mama yake, akae huko mpaka arobaini itoke. Nikakataa. Nikasema mie mwanamume wa mjini, mke wangu namtunza mwenyewe. Ukweli sikutaka kukosa wa kunipikia. Jeuri tupu.

Akajifungua salama mtoto wa kike, tukamwita Salma. Mkunga alikuja kila asubuhi kumwogesha, mpaka siku ya saba kitovu kilipoanguka, akaacha kuja. Tukabaki watatu chumbani, na Salma akawa analia. Alilia asubuhi, akalia adhuhuri, na mie macho yananiwasha kwa usingizi, najigeuza huku na huku, nimefura. Nikamwambia Zuhura amnyamazishe mtoto wake, maana nitakuja kuanguka na gunia mgongoni. Sikumpiga wala sikumtukana. Nilisema hivyo tu, lakini kwa sauti ambayo mpaka leo naionea haya.

Zuhura naye mdogo bado, mama yake hayupo wa kumuuliza. Akaanza kumpa mtoto maji ya sukari kwa kijiko kila anapotaka kulia. Mtoto akanyamaza kweli. Siku ya kwanza nililala fofofo. Siku ya pili nikalala tena, nikaenda kazini nimechangamka, nikajisifu kwa wenzangu kwamba binti yangu mpole ajabu.

Siku ya tatu, saa nne asubuhi, akabisha hodi Bi Mwanahawa, mama mtu mzima aliyepanga chumba cha mbele, muuza vitumbua. Nikamwamkia shikamoo, hakuitikia. Akauliza mbona kamba ya uani haina vitambaa vya mtoto tangu jana. Nikajibu, tena kwa maringo, kwamba mtoto wangu hana fujo, hachafui nguo. Akanipita palepale mlangoni, akaingia, akamfunua Salma. Macho yamezama. Midomo mikavu. Akamkwaruza nyayo kwa ukucha. Mtoto akafumbua jicho moja, akalifumba.

“Ulitaka asilie,” akaniambia, wala hakupaza sauti. “Haya, halii. Umefurahi?”

Mwanangu, swali hilo nalisikia mpaka leo.

Kumbe mtoto alikuwa akishiba maji, titi halitaki, na maziwa yamemjaa Zuhura mpaka matiti yamekuwa magumu na homa imempanda. Bi Mwanahawa akamkanda kwa kitambaa cha maji ya moto, akayakamulia maziwa kikombeni, akawa anamdondoshea mtoto tone kwa tone, amemlaza kifuani kwa mama yake bila nguo. Akasema ikifika alasiri hajanyonya tunambeba hospitali, kwa miguu kama gari halipatikani. Mie akanitoa nje.

Sikujua pa kuuweka mwili wangu. Nikapasua kuni zisizohitajika. Nikachota maji na mtungi umejaa. Nikaenda barabarani kutazama gari, nikarudi mbio kwa hofu kwamba limetokea jambo sipo. Nikatega sikio ukutani, kimya. Nilikiomba mwenyewe kimya kile, na sasa kinanisaga roho. Nikamwomba Mungu mtoto alie, alie tu, hata nisilale mwaka mzima.

Adhana ya alasiri ilikuwa haijaisha nilipomsikia. Mwanzo sauti nyembamba, ya kukwama kama bawaba yenye kutu. Kisha ikashika, ikawa kilio chenyewe, cha hasira. Nikakaa chini kwenye vumbi nikalia naye. Bi Mwanahawa akatoka, akaniambia ameshika titi, na mie niende Mbwamaji saa hiyohiyo nikamwombe radhi mama mkwe, nije naye. Nikaenda. Zamu ya usiku ule sikutokea, kibarua kikaota nyasi, na sikujali hata kidogo.

Basi sikia. Mkeo asikae peke yake wiki hizi. Kama hukumpeleka kwa mama yake, mlete mama yake, na kiburi ukimeze. Mtoto apewe titi tu, maji na sukari hapana. Akilala kupita kiasi, mwamsheni anyonye. Vitambaa vikikaa vikavu, au mwili ukilegea, msinisubiri mie wala mtu mwingine. Hospitali siku hizi iko karibu, kimbieni. Na akilia, usimwambie mkeo amnyamazishe. Mwambie nipe nimbebe, nawe ulale kidogo.

Nenda, mwanangu. Mungu awakuzie, ampe mtoto afya na mama yake nguvu, na wewe akunyime usingizi kwa kilio chake. Amina.