Rudia Kabla ya Kubonyeza

Jambo lote limenigharimu shilingi elfu mbili na mia tisa. Elfu mbili na nusu ni kompyuta yenyewe, mia tatu ni bodaboda kutoka Kaloleni hadi hapa Donholm, na mia moja ni kamba ya kuifungia pamoja na soda ya mwenye bodaboda, ambayo hatukupatana ila alinitazama kwa jicho la mtu mwenye kiu. Nimehesabu mara mbili. Jumla ni hiyo hiyo, na bado naona kuna kitu sijalipia.

Aliyenipigia simu ni binti yake Karani, jirani yetu wa zamani kule Kaloleni. Baba alizikwa kwao magharibi mwezi uliopita, akasema, na sasa nyumba inatakiwa iachwe tupu. Kuna kompyuta, nawe ndiwe uliyekuwa mtu wake wa kompyuta. Nikaenda. Kazi yangu ni kununua mashine zilizochoka na kuziuza kabla hazijajua kuwa zimechoka, kwa hivyo mkono wangu hauwezi kugusa kitu bila mdomo kuanza kushusha bei. Alisema elfu nne.

“Auntie, hii ni ya makumbusho,” nikamwambia.

“Makumbusho watu hulipa kiingilio. Wewe unataka uingie bure.”

Tukakubaliana kwa elfu mbili na nusu. Akacheka, akaifuta vumbi kwa ncha ya leso, akasema, “Angalau inaenda kwa mtu aliyempenda.” Nimeshinda bei nyingi maishani. Ile nilidhani nimeishinda.

Kama ulikulia pande zile, unazikumbuka Jumamosi za Kaloleni. Nyumba za mawe zimetulia kuuzunguka ukumbi, kamba za nguo zimevuka kutoka mti hadi dirisha, maji ya sabuni yanatafuta njia yake kwenye mtaro, na ndani ya ukumbi akina mama wa kwaya wanarudia mstari mmoja mpaka hata sisi watoto tuliokuwa nje tunaujua. Mbali kidogo, honi ya treni. Nyanya yangu alikuwa ameshainjika muthokoi tangu asubuhi, na harufu ya mahindi na maharagwe yakichemka polepole ilikuwa ndiyo saa yetu: ikifika mlangoni, bado, ikifika kwa jirani, njoo ule. Mimi nilichota maji mitungi sita, nikasugua sufuria, nikakimbia. Siku hizo nilikuwa nahesabu mara moja tu, kama watu wengine.

Nilikokuwa nakimbilia ni kwa huyo jirani. Alikuwa karani wa reli aliyestaafu, mtaa mzima ukimwita hivyo, Karani, hata watoto. Mke wake ndiye aliyeiongoza ile kwaya kabla hajafariki, mimi nikiwa mdogo sana. Mzee alibaki na binti aliyeolewa mbali, na kompyuta tatu alizozinunua ofisi moja ilipotupa vyombo vyake vya zamani. Zilikuwa zimejaa virusi kutoka kwenye flash za watu wa kuuza filamu, na kila ulipoziwasha zilihema kama mtu anayepanda ngazi na gunia. Karani akazifuta zote, akaziwekea Linux, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta.

“Inauzwa pesa ngapi?” nikamuuliza siku ya kwanza.

“Bure.”

“Bure vipi? Na mwenyewe anakula nini?”

“Msichana wa Susu,” akasema, kwa maana nyanya yangu Mkamba ndivyo tulivyomwita, “kitu cha bure hulipiwa kwa uangalifu.”

Tulilipa. CD ilizunguka ikilia kama mashine ya posho, skrini ikatuuliza maswali yake: lugha gani, saa za wapi, kibodi ya aina gani, diski ipi. Kisha dakika arobaini za kutazama mstari ukijaa. Ikikubali kuwaka, ilikuwa haina sauti. Ikipata sauti, printa inakataa. Nyumbani kwake hakukuwa na intaneti, basi kila ujumbe wa kosa Karani aliunakili kwa mkono, herufi kwa herufi, kwenye leja ya zamani ya reli. Halafu akavaa koti, akaenda na leja yake hadi kwenye cyber, akatafuta jibu, akalinakili nalo, akarudi. Vijana wa cyber walimcheka: mzee anakuja kuchapa barua anayoisoma kwenye kitabu cha mizigo. Lakini printa iliitika. Siku iliyotoa karatasi ya kwanza alimpelekea nyanya, naye nyanya akaibandika ukutani karibu na kalenda ya kanisa. Ilikuwa imeandikwa “jaribio”.

Sasa sikiliza desturi yake moja, maana ndiyo kisa chote. Reli ilimfundisha kwamba ujumbe wa stesheni haujafika mpaka anayeupokea aurudishe neno kwa neno. Treni haiachiliwi kwa “ndiyo, nimesikia”. Basi tulipofika kwenye swali la diski, ambapo ukijibu vibaya mashine inafuta kila kitu bila huruma, hakuna aliyebonyeza peke yake. Mmoja alisoma kwa sauti, mwingine akarudia huku akitazama skrini kwa macho yake mwenyewe.

“Nafuta diski ya pili.”

“Unafuta diski ya pili.”

“Rudia.”

“Unafuta diski ya pili, mzee, muthokoi utapoa!”

Ndipo akabonyeza.

Kompyuta ya tatu, ile niliyoinunua, ilikuwa yake binafsi, na ilikuwa na diski mbili. Ndogo, ya gigabaiti arobaini, ilibeba nyimbo kumi na moja za mke wake. Alizihamisha kutoka kwenye kanda kwa waya wa redio, wimbo mmoja kwa siku, na redio ikazitafuna kanda zenyewe moja baada ya nyingine. Kubwa, ya themanini, ilikuwa tupu. Tulipanga kuiwekea Linux mpya. Kwenye leja iliandikwa wazi: inayofutwa ni ya pili.

Jumamosi hiyo mtu alimwita nje kuhusu bomba lililopasuka. “Ningoje,” akasema. Nikangoja. Harufu ya muthokoi ikafika mlangoni kwetu, ikapita, ikafika kwa Karani. Nilikuwa na miaka kumi na miwili na nilikuwa nimeshaona mashine zikifutwa mara tano. Nikasoma kwa sauti: nafuta diski ya pili. Kisha nikabadilisha sauti, nikajijibu mwenyewe: unafuta diski ya pili. Hata “rudia” nilijiambia. Nikabonyeza.

Nisilolijua ni kwamba siku iliyotangulia Karani alikuwa ameifungua mashine kuitoa vumbi, na wakati wa kurudisha nyaya akazibadilisha nafasi. Iliyokuwa ya kwanza ikawa ya pili. Ukubwa ulikuwa umeandikwa pale pale kwenye skrini, arobaini, mbele ya macho yangu. Mtu wa pili angeuona. Mimi nilisoma jina tu, mara mbili, kwa midomo miwili ya mtu mmoja.

Aliporudi mikono ikiwa na matope, mstari ulikuwa umefika nusu. Alitazama skrini, akanyoosha mkono akachomoa waya wa stima ukutani. Akaketi polepole kwenye kiti cha mkewe, ambacho hakuna aliyekikalia. Ukumbini kwaya ilikuwa inaendelea na mazoezi, na alikaa akiisikiliza mpaka wimbo ukaisha.

“Nenda ukale,” akaniambia. “Susu anakungoja.”

Sikupigwa, sikusemwa. Nyanya alisikia kwamba diski ya jirani imekufa kwa uzee. Binti wa Karani akaambiwa hivyo hivyo, kwa simu, mimi nikiwa pale mlangoni. Jumamosi iliyofuata tuliendelea na mashine nyingine, naye akaongeza msemo mmoja tu: “Jina hubadilika. Tazama uzito,” yaani ukubwa wa diski. Nami tangu hapo nahesabu kila kitu mara mbili: chenji, nauli, ngazi za gorofa ninayokaa. Wateja hudhani ni ubahili. Waache.

Nyanya alifariki bila mimi kumwambia. Nilihamia Donholm, nikawa napita kumsalimia Karani na mkate na majani chai, na kila mara nilipanga kulitaja kosa lile baada ya kikombe cha kwanza. Vikombe nilivyokunywa pale siwezi kuvihesabu, hata mara moja.

Juzi niliifungua ile mashine mezani kwangu ili niiuze vipande. Ndani kulikuwa na diski moja tu, ile kubwa. Chini kabisa, kwenye pembe, kulikuwa na kifurushi cha nailoni kilichofungwa kwa uzi wa viatu. Diski ndogo. Juu yake kipande cha karatasi ya leja, kwa ule mwandiko wa reli uliolala upande: “Isiandikwe juu yake. Msichana wa Susu akikua ataweza. Kosa langu, nilibadilisha nyaya na sikuandika.”

Miaka yote ile ya chai alikuwa akiningoja.

Nayajua mambo haya sasa, ndiyo riziki yangu. Diski iliyofutwa haiwi tupu pale pale. Yaliyomo hubaki mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake, na yeye aliwahi kuchomoa waya. Huenda zimebaki nyimbo tano, huenda moja, huenda pumzi tu kabla ya wimbo. Lakini ni nzee, inagonga gonga ikiwaka, haitawaka mara nyingi. Kwanza lazima niinakili nzima kwenye diski mpya ya gigabaiti mia tano. Amri yake ni mstari mmoja wenye majina mawili: inakotoka na inakokwenda. Ukiyabadilisha nafasi, utupu wa diski mpya unaandikwa juu ya sauti ya yule mama, na safari hii hakuna kurudi.

Mstari nimeuandika. Nimeusoma mara mbili, nimetazama uzito mara mbili: arobaini kwenda mia tano. Ni saa nane mchana, jirani wa juu anapika kitu chenye maharagwe, na kidole changu kimekataa. Siwezi tena kujijibu mwenyewe.

Ninahitaji mtu wa pili, na mwenye haki ya kukaa nafasi hiyo ni mmoja tu. Lakini ili binti yake akae hapa arudie, lazima kwanza ajue ni nani aliyezifuta nyimbo za mama yake, akampunguzia bei ya mashine, akachukua na sifa ya kumpenda baba yake. Nikimpigia, huenda akaja. Huenda akaja kuichukua diski tu, na atakuwa na haki. Nikinyamaza, nitabonyeza peke yangu kwa mara ya pili.

Namba yake iko hapa mbele yangu. Wewe ungempigia? Nijibu, tafadhali, kisha urudie.